Kisomadamu cha Kabwesi

Kiganja kilipogusa tu bamba la kisomadamu, kazi ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na kuchomwa kidole, wala kukaa kwenye benchi la zahanati huku majirani wakikutazama. Miali hafifu ilipenya ngozi, na kabla hujashusha pumzi chombo kilijua kama una kaswende, kisonono au virusi vya Ukimwi. Papo hapo kilimpelekea ujumbe mwenzi wako ili naye atibiwe, kwani bangili ya mawasiliano ambayo kila mtu alivaa mkononi ilikumbuka nani amelala na nani.

Ujumbe huo ndio uliokuwa fahari ya mhandisi Tapkigen. Alikuwa mzaliwa wa Kabwesi, mji wa Waogiek waliohamishwa kutoka msituni, na utotoni aliwaona shangazi zake wakizika vichanga vilivyouawa na kaswende ambayo hakuna aliyeipima. Alikitengeneza kisomadamu ili mazishi yale yakome.

Wiki ya tatu tangu kisomadamu kianze kutumika, wanawake kumi na wawili walitoweka. Bangili zao zilikutwa juu ya meza za jikoni.

Tapkigen alipanda msituni kuwafuata, kwa miguu siku mbili, akibeba dozi moja tu ya penisilini. Ghala la dawa, ambalo lilijiendesha lenyewe, lilitoa dozi kwa jina la aliyepimwa na kukutwa mgonjwa. Kati ya waliotoweka, jina lilikuwa moja: Chesang, mjamzito wa miezi minane.

Alimkuta ndani ya kibanda cha magome ya mierezi, ameuelekea ukuta. Mlangoni, mkunga mzee, Tabutany, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi, alikuwa akifua vitambaa.

"Umechelewa, mwanangu," mkunga alisema. "Amejifungua jana asubuhi. Mtoto hakulia."

Tapkigen alikaa chini. "Kogo, sindano moja tu ingetosha. Kwa nini hakumngoja nesi amletee dawa?"

"Angemngojea wapi? Nesi hajafika, mumewe ameshausoma ujumbe wako. Alimtoa nje na nguo alizovaa, mama mkwe akitazama. Hawa wengine walipoona hivyo, hawakusubiri zamu yao ya kupimwa."

"Lakini huenda mume mwenyewe ndiye aliyemwambukiza!"

"Mashine ilimwambia hivyo?"

Haikumwambia. Tapkigen aliukumbuka ujumbe ule neno kwa neno, kwa sababu aliuandika yeye: *Mwenzi wako amekutwa na kaswende. Fika upimwe.* Alikuwa amejisifu kwamba ulikuwa mfupi na ulieleweka.

Chesang aligeuka taratibu. Macho yalikuwa yamemvimba. "Nichome," alisema. "Mtoto hayupo, lakini mimi bado nipo."

Tapkigen alimchoma. Kogo alimshikia chupa. Alipotoka nje, wanawake watatu walikuwa wamesimama wakimsubiri, wametazama chini. Mmoja wao alikuwa na mimba changa.

"Hawa wana vidonda kama vya Chesang," Kogo alisema. "Wape na wao."

"Nilikuwa na dozi ile moja, Kogo. Ghala halitoi dawa bila jina. Waniambie majina yao, tushuke wapimwe, kesho kutwa..."

Yule mwenye mimba alijifunga shuka lake vizuri, akageuka, akaanza kutembea kuelekea vichakani.

"Subiri!" Tapkigen alimkimbilia. "Nitakuletea mimi. Nitalivunja lile ghala. Hakuna atakayelijua jina lako, nakuahidi!"

Mwanamke alisimama, lakini hakugeuka. "Siku ulipotuletea mashine ulituahidi nini?"

Tapkigen alikumbuka. Aliwaambia ni siri kati yao na dawa, na wakati huo aliamini asemacho. Aliinama, akavua viatu vilivyomchubua, akaanza kuteremka mlimani mbio, peku, hajui kama atakaporudi na dawa atamkuta mtu.