Wimbo Mgongoni kwa Nanzia

Haya, sogeeni. Mwenye masikio asogee. Mwenye usingizi naye asogee, ila asikorome kabla boga halijabingirika.

Kule milimani Upare, kwenye ukungu na migomba, aliishi msichana mdogo. Jina lake Nanzia.

Mama yake Nanzia alikuwa mpiga kinanda wa kanisani. Kinanda chenyewe kikuukuu! Hakikutumia umeme. Hakikutumia betri. Kilitumia miguu.

Chini yake kulikuwa na vibao viwili. Mama alikanyaga hiki, akakanyaga kile. Upepo ukaingia ndani. Ndipo kinanda kikaimba.

Pu-fu, pu-fu!
Miguu ikikanyaga, kinanda huimba.

Hebu nanyi kanyageni, tusikie. Pu-fu, pu-fu! Taratibu jamani, msitoboe sakafu.

Nyumbani kwa Nanzia hakukuwa na kinanda. Sasa mama alifanyia wapi mazoezi? Popote! Kwenye ukingo wa meza. Kwenye mfuniko wa sufuria. Hata kwenye ungo, juu ya maharage.

"Mama, unapiga maharage?" Nanzia aliuliza.

"Napiga wimbo, mwanangu. Maharage yanasikiliza tu."

Na jioni, Nanzia akilala kifudifudi, mama alipiga mgongoni kwake. Vidole vikatembea. Ti-ti-ti, taaa. Ti-ti-ti, taaa.

"Mama, unanitekenya!"

"Tulia, kinanda changu," mama alisema.

Nanzia akacheka, kisha akatulia. Wimbo ulimwingia mgongoni, ukashuka mpaka tumboni. Alipenda sana saa hiyo. Saa hiyo mama alikuwa wake peke yake.

Lakini Jumapili? Mh! Jumapili Nanzia alinuna.

Watoto wengine walikaa na mama zao. Walilalia mapajani, wakafunikwa khanga. Nanzia alikaa na baba. Na mapaja ya baba, lo, magumu kama benchi!

"Mikono ya mama ni ya kinanda," Nanzia aliwaza. "Miguu ya mama ni ya kinanda. Na mimi je?"

Jumapili moja watu walipotoka, alikisogelea kinanda. Akakinong'oneza, "Wewe! Nirudishie mama yangu."

Kinanda kikanyamaza. Kingejibu nini, na hakuna aliyekikanyaga?

Basi, Sikukuu ya Mavuno ikakaribia. Siku hiyo kila mtu hupeleka kanisani alichovuna, na baada ya ibada huuzwa mnadani. Ndizi, maharage, tangawizi, mayai. Hata kuku, wakiwa hai, wamefungwa miguu.

Mama akatunga wimbo mpya. Aliutunga mwenyewe, akipepeta mahindi. Kwaya wakajifunza. Na kila jioni mama aliupiga mgongoni kwa Nanzia.

Mvua ilinyesha, mbegu ikalala,
Sasa tumevuna, vikapu vyajaa.

"Wimbo wako mtamu, mama," Nanzia alisema.

"Utausikia kwenye kinanda," mama alisema. Macho yake yaling'aa. "Ngoja tu Jumapili ifike."

Jumamosi mama alienda na Nanzia shambani kuchuma boga. Boga kubwa! Kubwa kumzidi mbuzi mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ilikuwa tope tupu.

Chwaaa! Mama akateleza. Boga likamponyoka.

Bingiri, bingiri, bingiri! Likapita kwenye migomba. Likapita kwenye uzio. Likaingia kwenye banda la mbuzi. Meeee! Mbuzi wakatoka nje mbio.

Mama akacheka. Nanzia akacheka. Kisha mama akajaribu kusimama.

"Aii! Mguu wangu!"

Mguu wa mama ukavimba. Baba akaukanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Akaufunga kitambaa.

"Mama Nanzia," baba alisema, "kesho usikanyage kitu. Hata sisimizi."

Mama akauinamia mguu wake. Nanzia je? Nanzia, moyoni kabisa, alifurahi kidogo. Usimcheke. "Kesho mama atakaa na mimi kwenye benchi," aliwaza. "Nitalala mapajani kwake. Nitajifunika khanga yake!"

Jioni Nanzia akalala kifudifudi. "Mama, nipigie."

Vidole vikatembea. Ti-ti-ti, taaa. Ti-ti... Vikasimama.

Tone likaanguka mgongoni kwa Nanzia. Tone la moto. Nanzia akageuka. Mama alikuwa analia.

"Mguu unauma, mama?"

"Mguu utapona, mwanangu," mama alisema. "Wimbo wangu nimeutunza siku zote hizi. Nilitaka sana kuupiga kesho. Mikono ninayo. Miguu ndiyo sina."

Nanzia akaumia moyo. Ghafla hakulitaka tena lile benchi. Hakuitaka khanga. Alimtaka mama kwenye kinanda, akipiga, macho yaking'aa.

Asubuhi ikafika, na kengele ikalia. Ngo! Ngo! Ngo!

Mama atafikaje kanisani? Baba akaleta toroli. Ile ile ya kubebea mbolea! Akaiosha, akatandika mkeka. Mama akakaa. Boga likakaa mbele yake. Ngwi-ngwi-ngwi, safari ikaanza.

"He! Baba Nanzia!" jirani akaita. "Unamtoa mkeo sadaka ya mavuno?"

"Sadaka ni boga tu!" baba akajibu. "Huyu hauzwi mnadani!"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Nanzia alipenda kumwona hivyo.

Kanisani kulijaa. Mikungu ya ndizi mbele. Magunia ya mahindi mbele. Kuku nao mbele, wakilalamika. Kwe-kwe-kwe!

Kwaya wakasimama. Kila mtu akatazama kinanda. Kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mama Nanzia," baba alinong'ona, "twende. Wewe utapiga. Mimi nitakanyaga."

Akambeba mama, akamkalisha kwenye kiti. Mama akaweka mguu pembeni. Baba akasimama ubavuni, akanyoosha mguu wake na kiatu chake kikubwa.

Kiatu kikakanyaga vibao vyote viwili kwa mpigo. Pwaaaaa! Kinanda kikalia kama mbuzi aliyeona boga.

Watu wakacheka. Baba akajaribu tena. Akapiga magoti ili akanyage kwa mikono. Mabega hayakuingia. Kichwa kikagonga ubao. Ko!

"Aisee," baba alisema, akijishika kichwa. "Nimeshindwa."

Mama akatazama vidole vyake. Midomo ikaanza kumtetemeka.

Nanzia aliona. Akateremka kwenye benchi. Moyo wake ulidunda, du-du-du, maana watu walikuwa wengi. Akafika kwa mama.

"Mama, mimi naingia hapo chini."

"Utaweza, mwanangu?"

"Wimbo ninao mgongoni," Nanzia alisema.

Mama akamtazama. Kisha akasogeza magoti. Nanzia akainama, akatambaa, akaingia. Akashika vibao kwa mikono.

Pu-fu, pu-fu!
Mikono ikikanyaga, kinanda huimba.

Kikaimba! Haaaa, kwaya wakaanza.

Mvua ilinyesha, mbegu ikalala...

Kumbe kuna kuku mmoja alikuwa amefungua kamba yake. Kwe? Akaona kivuli kizuri chini ya kinanda. Kwe-kwe? Akaingia. Akaona shanga kwenye nywele za Nanzia. Akadhani ni punje za mahindi.

Dono!

"Ah! Toka!" Nanzia akaachia vibao.

Nguuuuu... Kinanda kikaishiwa upepo. Wimbo ukakatika. Kanisa zima likageukia kinanda.

Nanzia akaogopa. Machozi yakamjaa. "Nimemharibia mama wimbo wake," aliwaza.

Hapo akasikia kitu mgongoni. Vidole! Vidole vya mama, vimeshuka kutoka juu. Ti-ti-ti, taaa.

Nanzia akavuta pumzi. Akamsukuma kuku nje kwa kiwiko. Mikono ilikuwa imechoka, basi akageuka. Akakaa kitako. Akaegemea kiti cha mama. Akavua ndala zake, akaweka nyayo zake ndogo kwenye vibao.

Pu-fu, pu-fu!
Miguu ikikanyaga, kinanda huimba.

Kwenye "ti-ti-ti" alikanyaga polepole. Kwenye "taaa" alikanyaga kwa nguvu, maana sauti ndefu hula upepo mwingi. Hakuna aliyemfundisha. Mgongo wake uliujua wimbo mwanzo mpaka mwisho.

Mvua ilinyesha, mbegu ikalala,
Sasa tumevuna, vikapu vyajaa!

Kwaya wakaimba. Kanisa lote likaimba. Kinanda kilitetemeka, na Nanzia akatetemeka nacho. Goti la mama liligusa bega lake. Nanzia alikuwa hajawahi kuwa karibu na mama namna hiyo, na ilikuwa Jumapili!

Wimbo ukaisha. Li-li-li-li! Vigelele!

"Ngojeni," mchungaji alisema. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Akainama. Akaona nyayo mbili, zimechafuka vumbi, zikitokeza chini ya kinanda. "Kumbe kinanda chetu kimeota miguu!"

Kanisa likaangua kicheko. Nanzia akatoka akitambaa. Utando wa buibui ulikuwa puani. Unyoya wa kuku ulikuwa kichwani. Mama akamkumbatia hivyo hivyo, mbele ya watu wote, akambusu juu ya unyoya.

"Asante, mama'ngu," mama alisema. "Asante sana."

Kabla ya kuondoka Nanzia alirudi kwenye kinanda. Akakinong'oneza, "Wewe. Sikununii tena."

Jioni ikaingia. Baba akapika ugali na maboga ya jirani, maana lile la kwao lilinunuliwa mnadani. Chai ya tangawizi ikanywewa. Mama akapanda kitandani, mguu wake juu ya mto.

Nanzia akaja na shuka lake.

"Njoo, kinanda changu," mama alisema. "Nikupigie."

"Hapana," Nanzia alisema. "Leo geuka wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Umepiga sana."

Mama akageuka taratibu, kwa sababu ya mguu. Nanzia akaweka vidole vyake mgongoni kwa mama. Vidole vikatembea. Ti-ti-ti, taaa. Ti-ti-ti, taaa.

"Unanitekenya," mama alisema.

"Tulia, kinanda changu," Nanzia alisema.

Mama akacheka. Kisha akatulia. Nanzia akapiga mvua. Akapiga mbegu. Kabla vikapu havijajaa, mama alikuwa amelala.

Pu-fu, pu-fu, mama akapumua.

Nanzia akajilaza kando yake. Akavuta ncha ya khanga ya mama, akajifunika. Pu-fu, pu-fu. Naye akalala.

Haya, na mimi nimefika mwisho. Sasa, mtoto wangu, lala kifudifudi. Nipe mgongo wako nikupigie.

Ti-ti-ti, taaa.