Mbwa Akichukuliwa na Maji, Usimfuate

"Mshike mbwa wako, Maren. Anamchokoza mwenzake."

"Pippa? Huyu hapa amelala mapajani kwangu. Anayenguruma ni wa kwako."

"Boone hangurumi. Anapumua kwa sauti."

Siku nyingine Maren angecheka. Leo alitazama tu mvua ya Januari ikilipiga gari ubavuni, kwenye barabara tupu iendayo pwani ya Oregon. Wendell Okada, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, aliendesha polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ukimtuliza Boone, mbwa mweusi mkubwa kama ndama.

Safari hii waliipanga tangu majani yalipoanza kudondoka. Mbwa wao wakikaa salama siku chache katika nyumba moja, wenyewe watahamia pamoja na kuoana. Wasipoelewana, hakuna aliyethubutu kusema itakuwaje. Krismasi Boone alimng'ata Pippa sikio kwa sababu ya mfupa. Na Pippa, mbwa mzee mwenye miguu mifupi, alikuwa wa mama yake Maren. Mama alipokuwa anakata roho alisema, "Usimpe mtu mwingine." Maren akaahidi.

Simu ya Wendell ilikuwa mkononi mwa Maren, akisoma ramani. Ikalia. Ujumbe ukatokea, kutoka kwa Joyce, dada yake Wendell:

"Nimepata watu wa kumchukua mbwa. Wana shamba, ni watu wema. Mlete Jumapili mkirudi. Maren asijue kwanza, atakataa."

"Nani huyo?" Wendell aliuliza.

"Joyce."

"Anasemaje?"

"Anatutakia safari njema."

Maren akaufuta ujumbe. Akamvuta Pippa karibu na tumbo lake.

Mwenye nyumba waliyoikodi, Bi Verna, aliwapokea mlangoni akiwa na viatu vya mpira. Kando yake palikuwa na kapu la mataulo makuukuu, yote yamefuliwa na kukunjwa.

"Hayo ni ya mbwa," alisema. "Kiangazi siwataki hapa, wageni wa mjini hulalamika. Lakini baridi ikiingia ninyi wenye mbwa ndio mnaonitoa upweke. Haya, kabla sijawapa ufunguo, semeni maneno yangu. Bahari nisiipe mgongo."

Wakatazamana. "Bahari nisiipe mgongo."

"Mbwa akichukuliwa na maji, nisimfuate."

Wendell alisema. Maren alimtazama Pippa.

"Sema, mwanangu," Bi Verna alimwambia kwa upole. "Kuna mawimbi huku huja yakivizia. Jirani yangu alimfuata mbwa wake. Mbwa alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Jirani hatukumwona tena."

"Nisimfuate," Maren akasema.

Jioni hiyo walikula supu ya chaza na mkate. Wendell alimmegea Pippa vipande vya nyama kwa mkono wake, vidogo vidogo, kwa kuwa meno yalikuwa yamebaki machache. Kisha akakaa sakafuni akamchana Boone manyoya kwa muda mrefu. Maren aliona yote mawili. Lakini alielewa jambo moja tu: anamlisha Pippa kwa sababu anamuaga.

Asubuhi mvua ilikatika, wakashuka ufukweni. Upepo ulikuwa mkali, na magogo makubwa yaliyotupwa na bahari yalilala mchangani kama ng'ombe waliochoka. Boone alitangulia mbio. Pippa alimfuata akipiga chafya.

"Angalia," Wendell alisema. "Wanatembea pamoja."

"Basi ingekuwa vizuri kama wangeachwa waendelee."

"Una maana gani?"

"Wewe unajua maana yangu."

"Maren, tangu jana unanijibu kama karani wa benki. Nimekosa nini?"

Maren akageuka kumkabili. Katika hasira yake aliipa bahari mgongo, naye Wendell alikuwa akimtazama yeye tu.

"Ungeniambia mwenyewe, usoni. Ningekuheshimu."

"Kukuambia nini?"

Maji yakaja bila kelele. Yaliwafika magotini, yakawayumbisha, yakarudi yakivuta mchanga chini ya miguu yao. Walipopata kusimama imara, Pippa hakuwepo. Kisha Maren akakiona kichwa chake kidogo, mbali, katikati ya povu.

Akakimbilia majini. Hakufika mbali. Wendell alimdaka koti kwa nyuma, akalishika kwa mikono miwili.

"Niache, Wendell."

"Siachi."

"Ni Pippa, jamani. Anazama."

"Namwona. Siachi."

"Umepata ulichotaka, sivyo? Hata shamba halihitajiki tena."

"Shamba gani?"

"Nilisoma ujumbe wa Joyce. Niache nimfuate mbwa wa mama yangu."

Vidole vya Wendell havikulegea. "Nichukie," alisema. "Nichukie ukiwa hai." Akamburuta nyuma mpaka mchanga mkavu.

Boone alikuwa akikimbia kando ya maji, akibweka, macho yake baharini. Alikimbia sambamba na mkondo, akapita magogo, akafika pale kijito kinapoingia baharini. Hapo akasimama. Wao wakamfuata wakihema, Wendell bado ameshika koti.

Wimbi likamtema Pippa juu ya changarawe. Alijaribu kusimama, akaanguka. Boone akamfikia kwanza.

"Boone, hapana," Maren alinong'ona.

Boone aliinamisha kichwa chake kikubwa, akamramba maji usoni. Kisha akasimama upande wa upepo, akamkinga.

Wendell alimtia Pippa kifuani ndani ya shati, akafunga koti lake juu. Njia nzima alikuwa akimwambia, "Pumua, bibi yangu. Pumua, bibi yangu." Bi Verna alikuwa amewaona kutoka dirishani, akawapokea mlangoni na mataulo yaliyopashwa joto juu ya jiko. Aliweka chai mezani, akatoka.

Pippa alipoacha kutetemeka, Maren akasema, "Wendell. Yule wa kupelekwa shambani ni nani?"

"Boone."

"Boone wako?"

"Tangu amng'ate Pippa hujalala kwangu hata siku moja. Hukulalamika, lakini niliona. Nikaona mmoja lazima aondoke, na Pippa umemwahidi mama yako. Nilijua nikikuambia utakataa."

"Kwa hiyo ukaamua kuteseka kimyakimya."

"Na wewe ukaamua kukasirika kimyakimya."

Maren akacheka na kulia kwa pamoja. Akachukua simu.

"Joyce? Ni Maren."

"Ee, wifi." Sauti ikasita. "Kumbe unajua?"

"Najua. Waambie wale watu wema tunawashukuru. Boone haendi popote. Tutawalisha vyumba tofauti, na mifupa marufuku."

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko hapa, analia kwenye taulo la mbwa."

"Si kweli," Wendell alisema kwa mbali.

"Ni kweli," Maren alisema.

Baridi iliyofuata walirudi, safari hii na wageni. Bi Verna aliwapanga wote mstari mmoja mchangani, mchungaji akiwa wa kwanza na kitabu chake kwapani, akakataa ndoa ifungwe kabla kila mtu hajasema maneno yake. Wakasema, hata Joyce asiye na mbwa. Boone na Pippa walilala chini ya taulo moja, mbali na maji.

Kisha bibi harusi akasimama mbele ya mchungaji, uso baharini, akiwa amevaa koti juu ya gauni. Wendell alipoulizwa kama anamkubali, alijibu ndiyo. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya Maren, umelishika koti lile kwa nguvu, na hakuliachia mpaka walipoondoka ufukweni.