Ada ya Ijumaa

Ijumaa ya kwanza ya likizo yake, Nuzhat Mirza alikuta chapati ya juu imelambwa. Haikung'atwa. Ililambwa, upande mmoja umelowa na kung'aa kama alipopita konokono.

"Mama, umeonja chapati?"

"Nitaonjaje na nyonga hii?" mama yake alijibu kutoka kitandani sebuleni. "Nimelazwa hapa kama mbuzi wa Idi."

Nyonga hiyo, iliyopasuliwa majuzi, ndiyo iliyomtoa Nuzhat kazini. Alikuwa mchoraji wa ramani za madaraja huko Leeds, mtu wa mkataba, na ofisi haikumlipa moja kwa moja. Fedha zilipitia kampuni ya kati, zile waziitazo mwavuli, nayo ilijikatia pauni ishirini na nne kila Ijumaa kabla ya kumpa zake. Sasa alikuwa amechukua wiki sita bila malipo amuuguze mama nyumbani kwao Bradford. Kazi hakuna, mshahara hakuna. Akadhani na ada imelala.

Ijumaa ya pili, dengu zilikuwa na utando wa mate. Ya tatu ikaja harufu: nguo mbichi iliyoozea mfukoni, na ndani yake uvundo wa kinywa kisichosafishwa. Ilitoka chini ya ngazi. Mama naye alikuwa anakonda.

"Nuzhat," alinong'ona, "kuna mtu anakula na sisi. Ukienda dukani. Namsikia akimeza."

Ijumaa ya nne, adhuhuri, uliingia ujumbe wa kampuni: anadaiwa ada za wiki nne, zitakatwa kwenye akiba yake ya likizo. Akapiga simu.

"Lakini sijafanya kazi hata saa moja!"

"Bado uko kwetu, mpenzi," kijana wa simu alisema kwa uchangamfu. "Wewe umepumzika, sisi hatupumziki. Ulikubali mwenyewe, ukurasa wa tisa."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa kulamba. Nuzhat alikata simu, mlio ukaendelea, akaufuata ukumbini, akasukuma mlango wa sebule, na pale, jua likiwa limejaa dirishani, akaliona dude limechutama kifuani pa mama yake, jeusi, limelowa, limejikunja ngozi juu ya ngozi kama popo, na ulimi wake wa kijivu ukipanda na kushuka shavuni pa mama polepole, bila haraka, kama ndama anayelamba chumvi, huku macho ya mama yako wazi na sauti haitoki.

Nuzhat alipiga kelele, likatambaa hadi chini ya ngazi.

Kabla ya alasiri alikuwa amemleta Bi Sakina, mzee aliyestaafu kiwanda cha sufu na ambaye mtaa mzima ulimwita kwa mambo kama haya. Alinusa, akatema mate. Akasoma dua mpaka ngazi zikatetemeka.

"Nani kakuingiza humu, mchafu wewe?"

"Yeye," ilijibu sauti laini, ya adabu. "Alitia sahihi."

"Na unamfanyia kazi gani?"

"Nipo tu."

Bi Sakina alimgeukia Nuzhat. "Mvunjie mkataba, mwanangu. Aliyeingia kwa idhini hatoki kwa dua peke yake."

"Bi Sakina, nikivunja, ofisi hainichukui tena. Wanataka watu wa kampuni ile tu."

"Basi mpe mama yako amalizie."

Nuzhat alimtazama mama, shavu lake jekundu, limechubuka. Akachukua simu, akaiandikia kampuni: Navunja mkataba, leo hii. Akatuma.

Chini ya ngazi kitu kilitapika. Dengu, chapati, maziwa, vyote vyeusi vinachezacheza funza, vilimwagika zuliani, kisha lile jini likajiburuta mpaka mlangoni na kujipenyeza kwenye tundu la barua, kipande kwa kipande.

"Hamna neno," lilisema likitoka. "Wako wengine wengi. Nao wamepumzika."

Nuzhat alikuwa amepiga magoti akisugua zulia, pua kaiziba kwa kanga ya mama, maneno yale yalipomwingia. Akampigia Colleen, mwenzake wa meza ya jirani kule Leeds, anayelipwa na kampuni ileile. Alikuwa amejifungua majuzi, naye yuko nyumbani bila malipo.

"Colleen, uko salama?"

"Salama, nimechoka tu. Hebu niambie, shoga, ni kawaida ziwa moja kukauka? Kila Ijumaa naamka limelowa mate, na mtoto bado amelala."