Dakika Kumi za Kulala Chali

Siku za Jumamosi Namelok hakuhitaji kuamshwa. Akifumbua macho tu, anaruka kitandani, anawasha jiko la gesi, anabandika chai ya maziwa ya baba yake, kisha anafagia ua huku baridi ikimng'ata vidole. Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha, mwezi wa sita si mahali pa kutembea peku. Ukungu ukishuka unaweza kukaa mpaka saa nne, na watu husalimiana wamejifunika mashuka hadi puani.

Baba yake, Simel, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alikunywa chai amesimama, kama alivyozoea tangu msiba.

"Leo unawafundisha tena akina mama?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Usichelewe kurudi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya asubuhi, na ya jioni hayakuwa marefu zaidi. Nyumba iliyokuwa na vicheko tele sasa ilikuwa na watu wawili wanaopishana mlangoni.

Namelok alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na tayari alikuwa mwalimu. Usicheke. Alikuwa mwalimu kweli, wa wanawake saba watu wazima, na somo lake lilikuwa yoga.

Mwenye somo hilo hasa alikuwa mama yake, Catherine. Miaka kadhaa nyuma alikuwa akipiga deki kwenye ukumbi mmoja wa mazoezi mjini Arusha. Kila siku aliwaona watu wakijinyoosha na kuvuta pumzi ndefu, na kila siku yeye aliinama na ndoo yake huku mgongo ukimuuma. Siku moja mwalimu wa pale akamwambia aweke ndoo pembeni ajaribu. Akajaribu. Baada ya miezi michache mgongo ulitulia, ingawa mwenyewe alisema kilichotulia zaidi ni ulimi wake, maana zamani alikuwa mkali kama pilipili. Akajifunza mpaka akaruhusiwa kufundisha. Kisha akaileta elimu ile nyumbani Ngaramtoni, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya mashine ya kusaga, kwa wanawake waliobeba maji, kuni na magunia ya mahindi tangu utotoni.

Mwanzoni watu walinong'ona. Wengine walisema hiyo ni dini ya kigeni. Mwinjilisti wa mtaa akaja kukagua, akakaa mlangoni saa nzima, na alipokuwa akiondoka aliuliza kama kuna zoezi la goti. Minong'ono ikaishia hapo.

"Yoga si kujikunja," mama alimwambia Namelok wakiwa wanakusanya mikeka. "Kujikunja hata nyoka anajua. Yoga ni kujitazama ulivyo bila kujidanganya, halafu ukaishi hivyo hata ukitoka humu ndani. Na usimfundishe mtu jambo ambalo wewe mwenyewe hulifanyi."

Kila somo lilimalizika kwa dakika kumi za kulala chali: macho yamefumbwa, viganja vinatazama juu, mwili wote umelegea. Kule mjini waliuita mlalo wa maiti. Mama aliwajua wanawake wake, akauita pumziko. Alisema ndilo zoezi gumu kuliko yote, kwa sababu pale mtu hana cha kufanya ila kukaa na nafsi yake. Baada ya hapo mtu hugeukia ubavu wa kulia, akakaa taratibu, ndipo akasimama.

Mwezi wa pili mama alifariki. Alikuwa akisumbuliwa na moyo tangu mwaka uliopita.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, wanawake walimwendea Namelok. "Ulikuwa ukimsaidia kila Jumamosi," walimwambia. "Unayajua yote. Wewe tuongoze tu." Namelok akakubali upesi. Chumba kile ndicho kilikuwa mahali pekee ambapo bado alijisikia yuko karibu na mama yake.

Jumamosi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho. "Laleni chali," alisema, kama mama alivyokuwa akisema. Wanawake saba wakalala. Mikono wazi, macho yamefumbwa, kimya. Namelok alipowatazama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Amkeni," alisema haraka. "Imetosha, amkeni."

Mama Yiamat, muuza maziwa, akainua kichwa. "Mbona hata hatujalala, mwanangu?"

Jibu lililomjia Namelok mdomoni lilikuwa hili: "Mama aliniambia tuliache pumziko. Alisema kabla hajafariki. Alisema si lazima, tukimaliza mazoezi tusimame tuondoke."

Wanawake wakatazamana. Wazee wengi wa kwao hawapendi hata kulitajataja jina la mtu aliyefariki, sembuse kubishana na maneno yake ya mwisho. Basi hakuna aliyeuliza swali la pili. Kwa Jumamosi kumi zilizofuata, hakuna aliyelala chali katika chumba kile.

Jumamosi hiyo ya ukungu, Mama Yiamat alifika akihema. Alikuwa na presha, alishameza dawa yake, na wateja wa maziwa walikuwa wakimsubiri. Walifanya mazoezi ya kuinama, vichwa chini, kwa muda mrefu. Kisha Namelok akasema, "Tumemaliza, asanteni," na wote wakasimama mara moja. Mama Yiamat akachukua shuka lake akaelekea mlangoni. Hatua ya tatu akayumba. Alinyoosha mkono kutafuta fremu ya mlango, akaikosa, akaanguka kwenye ngazi ya saruji na mkono ukiwa chini yake.

Walimkimbiza kituo cha afya kwa bajaji. Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Nesi alieleza kwamba presha ilishuka ghafla kwa sababu alisimama haraka mno bila kupumzika. Namelok alisikia kila neno akiwa amesimama nyuma ya pazia, na usiku ule hakula.

Kesho yake, ibada ilipoisha, baba alinunua sukari na mikate miwili, wakaenda kumpa pole mgonjwa. Walimkuta sebuleni, mkono umefungwa plasta ngumu, na pembeni yake ameketi Mama Aika, mwenye duka, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale saba.

"Shikamoo, mama," alisema Namelok, akishindwa kuutazama ule mkono.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, Baba Namelok, kaeni."

Wakaketi. Pole zikatolewa, chai ikamiminwa, habari za shule zikaulizwa. Kisha Mama Aika akaweka kikombe chini.

"Nisiseme uongo, hili jambo limenikaa vibaya," alisema. "Nesi aliniuliza kama tunapumzika tukimaliza mazoezi. Nikamwambia zamani tulikuwa tunapumzika, tukaambiwa tuache. Akatikisa kichwa tu. Sasa mimi simlaumu huyu mtoto, yeye amefuata alichoambiwa. Aliyetukosesha ni mama yake, Mungu amrehemu. Wenzangu nao wanasema hivyo hivyo. Hatutarudi pale."

Namelok alimtazama baba yake, akitegemea atakasirika. Simel alikuwa akitazama viganja vyake vyenye makovu ya cheche.

"Inawezekana alikosea," alisema polepole. "Siku za mwisho alikuwa mgonjwa sana. Mtusamehe kwa niaba yake. Ufunguo wa chumba nitaurudisha kesho kwa mwenyewe."

Maneno yale yalimchoma Namelok kuliko fimbo. Angegombezwa, angevumilia. Lakini hapa alikuwa akihurumiwa yeye, na lawama zote zikimwangukia mama yake, ambaye yuko kaburini na hawezi kusema hata neno moja la kujitetea. Angenyamaza, hakuna mtu duniani ambaye angejua. Wangekunywa chai, wangeondoka, na kuanzia siku hiyo Ngaramtoni nzima ingemkumbuka mama yake kama mtu aliyewafundisha watu vibaya.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Mama hakusema."

"Hakusema nini?"

"Hakusema tuache pumziko. Ni mimi nilidanganya. Hata siku moja hakusema."

Baba akageuka mzima mzima. "Kwa nini, Namelok?"

Hapo ndipo kilio alichokibana miezi minne kikapasuka. Alisema na kulia kwa pamoja, ikabidi wasogee ili wamsikie.

"Siku ile nilitoka shule nikamkuta amelala chali mkekani. Viganja juu, macho amefumba. Nikadhani anafanya pumziko lake. Alikuwa hapendi kusumbuliwa akiwa kwenye pumziko. Nikavua viatu ili nisimuamshe, nikakaa pale pale karibu yake nikafanya hesabu zangu. Nilikaa saa nzima, baba. Mpaka uliporudi wewe. Yeye alikuwa anakufa na mimi nafanya hesabu. Ningemwita..." Akajifuta machozi kwa kiganja. Kisha akasema, "Wakilala vile, nawaona wote ni yeye."

Simel alitoka kwenye kochi, akaketi sakafuni mbele ya mwanawe, akamshika mikono yote miwili.

"Nisikilize. Daktari aliniambia moyo ulisimama mchana, kama saa saba. Wewe ulifika nyumbani saa kumi. Hata ungemwita kwa nguvu zako zote, asingeitika. Alikuwa ameshaondoka, mwanangu." Akajikaza, lakini machozi yalimshinda. "Nililijua hilo siku zote, na sikukwambia, kwa sababu sikujua umebeba mzigo huo. Sikukuuliza. Nikikutazama namwona yeye, basi nikawa nakukwepa. Hilo ni kosa langu, nisamehe."

Walilia pamoja pale sakafuni, baba na binti, kilio ambacho walipaswa kukilia zamani. Mama Aika alijifuta macho kwa kanga. "Nami nimemsema marehemu bila kujua," alisema. "Mnisamehe."

Mama Yiamat alisubiri mpaka wakatulia. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kuyazungusha.

"Namelok, mkono wangu utapona. Wiki sita, wamesema. Lakini sitakuficha, umenidanganya na nimeumia, na ningeweza kuumia zaidi. Ungetuambia tu, 'Mama zangu, mimi siwezi kulala hivyo, namwona mama,' nani angekulazimisha? Tungelala sisi, wewe ungekaa, na mmoja wetu angekushika mkono. Kuhuzunika si kosa, mwanangu. Kosa ni kuificha huzuni nyuma ya uongo, tena uongo uliouweka mdomoni mwa mtu asiyeweza kuukana. Mama yako alitufundisha kujitazama bila kujidanganya. Wewe umeyafundisha mazoezi yake yote ukaacha hilo moja, na hilo ndilo lilikuwa yoga yenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Baba Namelok, ufunguo usiurudishe."

Jumamosi iliyofuata walikuja wote saba. Namelok aliwasimulia ukweli mwenyewe, amesimama mbele yao, kabla ya zoezi la kwanza. Haikuwa rahisi, na mmoja wao alimkaripia, Namelok akayapokea maneno yake. Mama Yiamat hakufanya mazoezi. Alikaa kwenye kiti karibu na ukuta, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa, na ulipofika mwisho wa somo ndiye aliyesema laleni chali. "Na mwalimu naye," akaongeza.

Namelok akalala kwenye mkeka katikati yao. Akageuza viganja juu, akafumba macho. Alimwona mama yake, amelala hivyo hivyo, na safari hii hakukimbia. Machozi yalimtiririka pembeni yakamwingia masikioni, akayaacha. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili, ya tatu, ya nne. Akafumbua macho.

"Mama Yiamat," aliita kwa sauti ya chini. "Siwezi kufika kumi."

"Basi leo zako ni hizo," Mama Yiamat alijibu. "Wiki ijayo utaona utafika wapi. Asante kwa kusema."

Namelok akageukia ubavu wa kulia. Nyuma yake akasikia mikeka ikikwaruza sakafu, wanawake wote wakigeuka pamoja naye. Wakakaa taratibu, wakasubiri hadi alipokuwa tayari, ndipo wakasimama.