Gari Lililotoka Jangwani Kinyumenyume

Breki iligoma katikati ya mteremko, pale ambapo hata mbuzi mwenye akili hushuka kwa tumbo.

Dereva alikanyaga. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Akakanyaga kwa miguu miwili mpaka makalio yakanyanyuka kitini, na gari likaendelea kuteremka kama limeitwa na mtu wa kwao huko bondeni. Injini ikapiga chafya, ikatetemeka, ikazima.

"Shemeji, breki!" alipiga kelele.

"Si ukanyage!" Fundi alijibu kutoka kiti cha pembeni, mikono yote miwili kwenye dashibodi.

"Kwani unadhani nakanyaga nini, nyanya?"

Huyu Fundi alikuwa mdogo wa mume wa Dereva, na chanzo cha yote haya kilikuwa yeye. Wiki nzima alishinda uani akiwa amezamisha kichwa chini ya boneti la gari hilo, gari zee lililozeeka mara mbili, mara ya kwanza kwa miaka na ya pili kwa mikono ya waliolimiliki. Aliikuta kabureta, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, imezungukwa na mipira myembamba ya kuvutia upepo, inapanda, inashuka, inapishana kama mizizi ya mkoko. Akacheka. "Takataka hizi," alisema, "waliziweka ili sisi mafundi tusilale njaa." Akang'oa karibu yote. Matundu yaliyobaki aliyaziba kwa vifuniko vya kalamu. Akazipanua jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, ili kabureta inywe ya kutosha. Kisha, kwa kuwa anapenda vitu vinavyopendeza, akapulizia kila kitu rangi nyeusi: kabureta, manifodi inayopeleka hewa ndani ya injini, vizibo, hata mkono wake wa kushoto.

Na gari likakimbia! Lazima tuseme kweli, lilikimbia hadi paka wa mtaani wakaanza kulipisha njia mapema. Ndiyo maana siku waliyokuwa wakimpeleka Mama Mkwe kwa mwanawe mkubwa, mume wa Dereva, aliyefanya kazi upande wa pili wa milima, Fundi alishauri waache barabara kuu wapite njia ya zamani ya jangwani. "Utasikia injini inavyopumua," alimwambia shemeji yake.

Sasa injini ilikuwa imekata pumzi.

Dereva akaingiza gia ya kwanza, akavuta hendibreki mpaka ikalia, akalikata gari upande ambao kulikuwa na mchanga badala ya hewa. Liliruka ukingo, likatua kwa kishindo katika mto mkavu, likalima mtaro mrefu, likatulia. Vumbi likashuka polepole juu ya vioo.

"Tumefika?" aliuliza Mama Mkwe kutoka kiti cha nyuma.

Hawakuwa wamefika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeingia chini ya kiti cha mbele, na walipoutoa, kifundo kilikuwa kimevimba kama embe. Aliuma ukingo wa mtandio wake, hakulia. Dereva akakifunga kwa kitambaa, taratibu, huku macho yake yakienda milimani. Huko juu wingu jeusi lilikuwa limekaa kwa matako yote mawili. Akachimba mchanga kwa vidole. Chini ya ganda la juu ulikuwa na unyevu.

"Mto huu haujafa," alisema. "Umelala tu. Na huko juu wanaumwagia maji usoni."

Fundi hakungoja maelezo. Walimshika Mama Mkwe kwapani, huyu huku na yule kule, wakaelekea ukingoni. Mama Mkwe alikuwa mwanamke wa mwili, na mchanga wa ukingo ulikuwa kama ngano ghalani: hatua moja juu, mbili chini. Wakaporomoka wote watatu. Wakajaribu tena, wakaporomoka tena, safari hii Fundi akiwa chini kabisa.

"Mnaninyanyua au mnanipima kilo?" alifoka Mama Mkwe. Kisha sauti ikashuka. "Basi. Pandeni nyinyi. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Mkwe, mchukue huyu mdogo wenu mwende."

"Mama, usituletee maneno ya matanga hapa," alisema Dereva. "Utatoka mtoni umekaa kwenye kiti kama mtu wa heshima. Rudi garini."

Ng'ambo ya mto palikuwa na njia ya kale ya kupandia, kali lakini ya mawe. Mtu aliyebebwa asingefika juu kabla ya maji. Gari lingeweza. Lakini gari lenyewe, kila likiwashwa, lilinguruma mara moja, likatoa mluzi wa *sssss*, likazima.

"Kuna mahali linavuta hewa isiyoalikwa," alisema Dereva. "Ndiyo sababu hata breki zilikufa. Breki zake zinasaidiwa na mvuto wa injini, mvuto ukivuja mguu unabaki yatima. Umeziba matundu mangapi?"

"Mengi."

"Mengi ndiyo mangapi?"

Fundi alitazama ndani ya boneti, akajikuna shingo. Kila kitu kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimefanana. Kizibo, tundu, boliti, kivuli, vyote ndugu mmoja. "Shemeji... nilipaka rangi."

"Umeipamba maiti!"

Ngurumo ikapita milimani. Dereva akachomoa mpira wa kurushia maji kwenye kioo, akautikisa ukauke, akachomeka ncha moja sikioni. "Mama! Ukiweza, nyoosha mkono uzungushe ufunguo. Shemeji, vuta waya wa mafuta kwa mkono hapo kwenye kabureta, usiiachie injini ife."

Mama Mkwe, ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa ufunguo wa gari, alijipenyeza kati ya viti na kuuzungusha kama anafungua stoo ya sukari. Injini ikaamka inatetemeka. Fundi akaishikilia na uhai wake kwa kidole. Dereva akapitisha ncha ya pili ya mpira juu ya manifodi, polepole, kama daktari kifuani mwa mtoto. Hapa kimya. Hapa kimya. Nyuma, karibu na ukuta wa injini, upepo ukamwingia sikioni kwa kelele ya nyoka.

"Hapa! Kifuniko chako kimeyeyuka kwa joto, kimemezwa! Na hapa, pembeni, kingine!"

"Nizibe na nini?" Fundi alikuwa tayari ameunguza vidole viwili, anavipuliza.

Dereva aligeuka. Macho yake yalitua kwenye miguu ya Mama Mkwe.

"Thubutu!" alisema Mama Mkwe. "Kandambili zangu ni mpya!"

"Mama, na wewe je, unataka kuwa wa zamani?"

Kandambili zikavuliwa. Fundi akakata vile vifundo vya mpira vinavyoshika ukanda chini ya soli, akavisokota kwenye matundu mpaka vikakaza, akavifunga kwa waya aliouchomoa kwenye mizigo. Mluzi ukanyamaza. Injini ikashuka, ikatulia, ikaanza kusema maneno yanayoeleweka. Dereva akaruka kitini, akakanyaga breki. Pedali ikazama laini chini ya mguu wake.

Hapo ndipo ulimi wa kwanza wa maji ulipopinda kona, mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa, ukisukuma vijiti na povu mbele yake.

"Panda!"

Gari likachomoka mchangani, likakata mto, likaushambulia mwinuko kwa pua. Likapanda urefu wake mara tatu, likakohoa, likazima. Likarudi nyuma mpaka magurudumu yakaingia majini. Dereva akaliwasha, akapanda tena. Palepale, kikohozi kilekile.

Akapiga usukani kwa kiganja. Fundi alikuwa amezipanua jeti zinywe petroli nyingi, na pua ikiinuka, petroli yote ndani ya kabureta ilikimbilia nyuma na kuziacha jeti kavu. Akili zikamwendea mbio. Pua ikiinuka, inakufa. Basi pua iiname.

"Tunapanda kinyumenyume," alisema.

"Nini?" Fundi na mama yake waliuliza pamoja.

"Shemeji, simama kwenye bampa ya nyuma, magurudumu yanataka uzito. Mama, kaa katikati ya kiti, geuka, tazama kioo cha nyuma. Wewe ndiye macho yangu."

"Na uzito wangu?" aliuliza Mama Mkwe.

"Leo uzito wako ni dhahabu."

Maji yalikuwa yamefika kwenye boliti za magurudumu alipoligeuza gari. Silensa ilizama, ikaanza kutoa mapovu kama mtoto anayechezea kinywaji. Akaingiza rivasi. Akaiachia klachi.

"Kulia!" alipiga kelele Mama Mkwe. "Kulia kwangu, siyo kwako! Jiwe! Kwepa jiwe! Ongeza! Mbona unaendesha kama unasindikiza bibi harusi? Ongeza!"

Magurudumu yakachimba, yakateleza, yakashika. Nyuma Fundi aliruka juu ya bampa kwa miguu miwili, kila akitua gari linauma mlima kidogo zaidi. Injini ilinguruma bila kusita, pua yake ikitazama chini mtoni, kabureta imejaa, imeshiba. Kupitia kioo cha mbele Dereva aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona: ukuta wa maji ukigeuka kona, umebeba mti mzima, mizizi juu, unakuja na kelele za soko lililoshika moto.

Alikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Kitu kikagonga tumbo la gari, *gwaa*, chuma kikalia chini ya sakafu, na mara anga ikajaa kwenye vioo vyote. Walikuwa juu. Mti ule ulipita chini yao, ukakwangua mwinuko na kuondoka na mawe waliyoyakanyaga sasa hivi. Rasharasha ya matope ikapiga boneti.

Fundi alishuka kwenye bampa, akakaa chini. Akatazama mto. "Shemeji," alisema, "ile mipira... tukifika, nitairudisha. Yote. Hata ile nisiyojua kazi yake."

"Hasa hiyo," alisema Dereva, akajaribu kuingiza gia ya kwanza.

Jiwe lililogonga tumbo la gari lilikuwa limepindisha vyuma vya gia, na gia ikakataa kutoka kwenye rivasi. Fundi alilala chini na nyundo, akaomba, akatukana, haikutoka. Basi wakaenda hivyohivyo. Jangwa lote lililobaki wakalivuka kwa nyuma, Mama Mkwe ameegemea kioo akitoa amri, injini ikichemka, wakipumzika, wakinywa kwa zamu mafunda ya maji ya dumu la akiba, kisha wakisonga tena, mpaka vumbi la magari ya barabara kuu likaonekana.

Mafundi wa barabara waliokuwa wakimwaga lami waliacha koleo zao. Kutoka jangwani, mahali pasipotoka kitu, lilikuwa linakuja gari kwa matako, limepakwa tope mpaka paani, na kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na uso wa mama mtu mzima anayewaamuru wasogee.

Msimamizi wao alikimbia na chupa ya maji. "Mama, poleni! Nani alikuwa anaendesha chombo hiki?"

Mama Mkwe alikunywa kwanza, akafuta mdomo, akaweka mkono kwenye bega la Dereva.

"Mwanangu," alisema.

"Na mimi je?" aliuliza Fundi, vidole vyake vilivyoungua vimetumbukizwa kwenye kopo la maji. "Mimi si ndiye mwanao?"

"Wewe nilikuzaa tu," alisema Mama Mkwe. "Huyu ndiye aliyenizaa mimi leo."