Ngoma Iliyokatizwa

Ngozi ya ngoma ilikuwa imelowa. Ukumbi wa kanisa pale Kambi Muru ulikuwa mkavu, mabati yakialika kwa jua, lakini harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza ilijaa hadi madhabahuni.

"Mwalimu, ngoma yako inatoa jasho kutushinda," Phanuel wa tarumbeta alisema, na okestra nzima ikacheka.

Mulei, mwongozaji wao, hakucheka. Mpigaji wa ngoma hiyo alikuwa Wanza, binti yake, aliyebaki naye peke yake tangu wamzike mama yake. Wanza alikuwa ameacha kula. Alikunywa maji tu, na midomo yake ilizidi kupasuka.

Muziki wa tamasha lao la Jumapili aliutunga Mulei mwenyewe, kuhusu jinsi mvua inavyoivamia nchi iliyokauka. Ndani yake alitia mdundo wa kilumi, ngoma ambayo wanawake wa Kitui huitumia kuita mvua na pepo wa ukoo.

Kwa hofu juu ya binti yake, alimwendea Nzembi, bibi wa kilumi aliyeishi karibu na kituo cha basi cha Kawangware 46. Nzembi alitaka kujua jambo moja: wakikosea mazoezini, hufanya nini? Mulei akaeleza kwamba husimama, hurekebisha, kisha huanza upya.

"Mnamwita pepo, akifika mlangoni mnanyamaza," Nzembi alinong'ona. "Kilumi hakikatizwi, mwanangu. Amechoka kusimama, ameketi ndani ya msichana. Mpigieni mpaka mwisho, ashibe, atoke. Halafu kimya. Akiitwa tena, anarudi, na safari hiyo hatoki."

Jumapili alasiri, mbele ya ukumbi uliofurika, walipiga bila kusita, vinanda vikikosea na kuendelea, Wanza akipiga macho yamepinduka, maji yakimchuruzika viwikoni ingawa hakuna aliyemmwagia, okestra ikimfuata yeye wala si fimbo ya Mulei, hadi kitu kizito na baridi kikapita kifuani mwa Mulei, kikapeperusha karatasi zote, na mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe.

Wanza akaishusha mikono. "Baba," alisema, "nasikia njaa."

Mulei alimshika mkono.

Ndipo watu wakapiga makofi. Yalianza ovyo ovyo, kisha yakajikusanya, viganja na miguu, yakaingia katika mdundo uleule waliokuwa wameusikia, na Mulei akainua mkono kuwasihi wanyamaze, akasihi kwa sauti iliyokauka, nao wakadhani anawashukuru, wakasimama, wakazidisha.

Mkono wa Wanza ukamponyoka. Nyuma yao mlango ukajifunga taratibu, kama unavyofungwa na mtu aliyekwisha kuingia.