Mama wa Chuma na Tangi la Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Stamili alikuwa na kazi mbili: kuteka maji kwenye tangi la jirani yao, Mama Kasiani, na kuvuta mivukuto ya baba yake mpaka makaa yashike moto. Kazi ya kwanza hakuipenda. Nani apende ndoo nzito alfajiri? Lakini ya pili aliipenda mno, hata akawa anafika darasa la tano na majivu puani, na wenzake wakimcheka.

Baba yake, Ashiru, alikuwa mhunzi. Zamani watu wengi wa Newala walilima kwa majembe yake. Kisha ikaja biashara huria, na majembe ya ng'ambo yakajaa sokoni, yamepakwa rangi, bei ya kutupa. Yalipinda kabla msimu haujaisha, lakini watu waliyanunua hivyo hivyo. Wanaume wa mtaa walianza kukimbilia Tunduru kuchimba vito, na wengine hawakusikika tena. Ashiru naye akaweka begi lake karibu na mlango. Kila Stamili alipoliona, aliogopa kwamba kesho halitakuwepo.

Ndipo akapita Bwana Fortunatus, mfanyabiashara wa vinyago kutoka Mtwara. Alimwona kuku wa chuma aliyefuliwa na Ashiru kwa kujifurahisha tu, akasimama.

"Vinyago vya mpingo ninavyo tele," alisema. "Nifulie sanamu kubwa ya chuma. Jumamosi nitapita. Ikinipendeza, fundi, nitakuwa nachukua kila mwezi."

Ashiru akaanza kufua mwanamke aliyejitwika mtungi. Mwili aliufanya kwa nondo nene. Sketi aliifanya kwa wavu wa chuma cha pua kisichoshika kutu, alioununua kwenye vyuma chakavu vya kiwanda cha korosho kilichofungwa. Aliukunja marinda madogo madogo, ukaning'inia kama nguo ya sikukuu. Kisha wavu ukamwishia, na mtungi haujatengenezwa.

"Bila mtungi kichwani, huyu ni mtu anayetembea tu," alimwambia mkewe jioni. "Basi tena. Begi liko tayari."

Stamili alisikia, akaisukuma sahani yake kando.

Alfajiri alipofika tangini, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye wavu uliofunika mdomo wa tangi, pale mfereji wa bati unapomwaga maji ya mvua. Alitazama huku na huku. Aling'oa misumari kwa ncha ya kisu, akaukunja wavu, akaufutika ndani ya kanga.

"Nimeuokota jalalani, nyuma ya soko," alimwambia baba yake.

"Mwanangu! Umeniokoa," Ashiru alisema. Aliutia motoni ulainike, na jioni mtungi ulikuwa umekaa juu ya kichwa cha mama wa chuma. Stamili alitaka kufurahi, akashindwa.

Usiku mvua ilinyesha, na mfereji ukamwaga tangini kila kilichokuwa juu ya bati. Asubuhi Mama Kasiani alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mama Kasiani."

"Marahaba, mwanangu. Wavu wangu wameung'oa! Hukumwona mtu?"

"Sikumwona."

Mama Kasiani alimtwika ndoo na kumtakia masomo mema. Laiti angemfokea! Stamili akaenda zake na ndoo yake. Angesema nini? Wavu ulikwisha kuingia motoni, na akisema, baba anakwenda Tunduru.

Siku ya pili Mahmudu, mdogo wake wa miaka mitatu, alianza kuhara na kutapika. Mtoto wa nyumba ya pili naye vivyo hivyo. Mama alimbeba Mahmudu mbio hadi zahanati, Stamili akimfuata nyuma. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na alipolia machozi hayakutoka. Muuguzi alianza kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko.

"Mnakunywa maji ya wapi? Mnachemsha?"

"Ya tangi, muuguzi. Siku zote ni safi, hatuchemshi."

"Kalitazameni hilo tangi."

Stamili alishika kidole cha mdogo wake. Kilikuwa baridi, na hakikumshika. Hapo akatoka mbio mpaka kwenye kibanda cha uhunzi.

"Baba, sikuuokota! Ni wavu wa Mama Kasiani. Utoe, tumrudishie! Mahmudu atakufa!"

Ashiru aliweka nyundo chini.

"Haurudishiki," alisema. "Ule ulipakwa dawa ya kuzuia kutu, na moto umeiunguza yote. Nikiurudisha, utaoza. Maji yakimwagika hayazoleki."

Stamili aliketi kwenye majivu akalia. Alipoinua uso, baba yake alikuwa ameshika tindo. Hakuugusa mtungi. Alikata sketi, rinda moja baada ya jingine.

"Huu haushiki kutu," alisema tu.

Waliutengenezea fremu ya chuma, wakaenda kwa Mama Kasiani. Stamili alieleza yote mwenyewe, mbele ya baba yake. Mama Kasiani alipiga makofi kwa mshangao, kisha akaleta ngazi. Ndani walikuta panya wawili waliokufa. Walilimwaga tangi lote, maji ya mtaa mzima, Stamili akasugua ndani mpaka vidole vikachubuka.

Jumamosi Bwana Fortunatus aliizunguka sanamu isiyo na sketi, akatikisa kichwa, akaondoka. Ashiru alimsindikiza kwa adabu.

Jioni Mahmudu alirudi kutoka zahanati mgongoni kwa mama, ameshika muwa; mtoto wa nyumba ya pili naye alikuwa amepona. Mama Kasiani akaja nyuma yao.

"Baba Stamili, mwalimu mkuu ameuona mfuniko wangu. Matangi ya shule yako wazi. Anakuita Jumatatu."

Ashiru alilichukua begi lake mlangoni, akalitundika ukutani.

"Tunduru bado ipo," alisema. "Lakini si wiki hii." Kisha akamgeukia binti yake. "Stamili, nilipokosa wavu nilikuwa na shida moja, na ilikuwa yangu. Ulipoiba ukanificha, ikawa ya mtaa mzima, na mdogo wako ndiye aliyelipa. Ukiniona nimeshindwa, kaa nami tushindwe pamoja. Usinisaidie kwa cha mtu."

"Ndiyo, baba."

Tangu siku hiyo Stamili huchemsha maji ya kunywa bila kuambiwa. Na kila alfajiri, kabla ya kuteka, huitazama alama ya marinda kwenye wavu wa tangi. Nyundo ya baba yake ilijitahidi kuyanyoosha, lakini hayakunyooka yote.